Nilivyougua kwa Niaba ya Mjomba

Kosa langu nililifanya nikiwa nimesimama juu ya jiwe, mchana kweupe, akili zangu zote zikiwepo. Daktari aliniuliza kwenye simu, "Mgonjwa ni nani?" Nami, mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha nne, nikajibu, "Mgonjwa ni mimi."

Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimetoka kula viazi vitamu na maziwa mgando, na hali yangu ilikuwa nzuri kupita kiasi. Mgonjwa alikuwa mjomba, kaka yake mama, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya bonde, na ambaye kwa mwaka wa tatu sasa hakuweza kumaliza nusu siku bila vidonge vyake vya maumivu. Lakini hebu niambieni nyie: unaanzaje kumwambia mtu usiyemjua, tena msichana kwa kumsikia sauti, kwamba kaka wa mama yako, mzee anayefungua vikao kwa baraka, amekuwa teja? Kwetu Tlawi neno hilo halitoki mdomoni mwa mpwa. Lilipanda hadi kooni, likachungulia nje, likarudi. Lililotoka badala yake ni "mimi".

"Sawa, kaka," daktari akasema kwa upole. "Umetumia kwa muda gani?"

"Miaka mitatu," nikajibu haraka, kama mtu aliyeanza kuteleza kwenye mteremko akaona heri akimbie.

"Ukikosa unajisikiaje?"

Nikamweleza yote niliyoyaona kwa mjomba: miayo, kamasi, jasho la baridi, tumbo kukata, magoti kuuma kama yanafunguliwa spana. Nilieleza vizuri. Shuleni nilikuwa napata alama nzuri kwenye insha.

Sasa lazima niwaambie habari za jiwe. Liko nyuma ya nyumba yangu, mwisho wa matuta ya vitunguu saumu, na upande wetu wote ni hapo tu mtandao unaposhika. Unapanda, unaelekeza uso kwenye mlima, unainua kidevu kidogo kama unayenyolewa ndevu, halafu unapiga kelele, maana ukisema taratibu mtu wa upande wa pili anasikia upepo peke yake. Na kati ya vitunguu vyangu na vya jirani yangu kuna tuta moja. Jirani mwenyewe ni mama mjane, rika la mama yangu, ana masikio yanayoweza kusikia kuku akiwaza kutaga. Siku hiyo alikuwa anapalilia. Niliposhuka jembe lake lilikuwa limesimama.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba," akajibu, akanitazama kutoka miguuni hadi kichwani kama anayenipima sanda. "Pole sana, mwanangu."

Nikajua nimeshakwisha.

*

Mimi ni mtu wa nyumbani. Najua husemwa hivyo pia kuhusu paka. Wenzangu niliomaliza nao shule walitawanyika: wengine Arusha, wengine Babati ulipozaliwa mkoa mpya na kila ofisi ikatafuta karani, wengine Mirerani kuchimba mawe ya bluu. Mimi nilisafiri hadi zizini, nikaona panatosha. Nina ng'ombe wawili, kuku, redio, na kitanda kinachonifahamu. Kwenda Mbulu mjini kwangu ni safari ya kuaga watu.

Ni hiyo redio iliyoniponza. Daktari mmoja alihojiwa kuhusu watu waliozoea dawa za maumivu mpaka mwili ukakataa kuishi bila hizo. Akasema huo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, una jina, unaitwa uraibu, na una dawa. Akasema huhitaji kulazwa wala kufungiwa. Unakuja chumbani kwake kila wiki, mnakaa, mnazungumza, unapewa dawa, unarudi nyumbani kwako kuchunga ng'ombe. Yeye hufika Katesh kila Alhamisi. Namba yake ikasomwa mara mbili, nikaiandika kwa mkaa ukutani.

Nilikuwa namfikiria mjomba. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya bati akiziba paa huko Tumati, akaumia mgongo. Zamani mtu akiumia mgongo alikuwa akikandwa kwa maji ya moto, akalaumiwa kidogo, akapona. Lakini siku hizi za biashara huria mnadani unapata kila kitu, na mchuuzi mmoja aliyetandaza dawa kwenye turubai kati ya sabuni na betri alimuuzia vidonge vya rangi mbili. Maumivu yakaondoka siku ileile. Vidonge ndivyo vilivyokataa kuondoka.

Huyu ni mtu ambaye baraka zake zilikuwa zinasubiriwa. Kwetu mzee husimama na kibuyu cha pombe ya mtama, anaomba mvua, anaomba ng'ombe, anaomba watoto, na kila mstari watu wanaitikia kwa pamoja. Mjomba alikuwa na sauti ya kumfanya hata mlevi avue kofia. Halafu siku ya kumuaga mjukuu wake anayeolewa, alisimama, akaomba mvua, akaomba ng'ombe, na alipofika kwenye watoto akasinzia. Amesimama wima, kibuyu mkononi. Sisi tukaendelea kuitikia ukimya. Mtu fulani akamtoa kibuyu mkononi polepole, wengine wakamkalisha, na hakuna aliyesema neno, maana neno lingesemwa na nani? Wadogo hatuwezi, wakubwa wake wameshazikwa. Tangu siku hiyo hakuombwa tena kubariki chochote. Mwezi uliofuata alilala karibu na jiko mguu ukaungua asisikie, na asubuhi moja shangazi, mke wake, alimtikisa muda mrefu sana kabla hajaamka. Alinisimulia hayo huku akimenya maharage, bila kuinua macho. Nilielewa kwamba asipofika kwa daktari tutamzika, na tutamzika kwa adabu sana, bila mtu yeyote kuwa amemkosea heshima.

Ndiyo maana nilipanda jiwe. Na mnajua nilivyoshuka.

*

Kufikia Jumapili nilikuwa mtu maarufu. Kanisani benchi lilijaa kila sehemu isipokuwa pembeni yangu, pakabaki nafasi ya kukaa watu watatu na begi. Dukani nikaomba Panadol ya kichwa, kwa sababu kweli kichwa kilianza kuniuma, na muuza duka akanitazama kwa huruma akaniambia, "Kaka, chukua sabuni tu uende." Nikachukua sabuni. Kwa wiki ile nilikuwa teja safi kuliko wote nchini.

Ningeweza kukanusha. Lakini wangeniuliza, "Kama si wewe, ni nani?" na jibu la swali hilo lilikuwa linaishi ng'ambo ya bonde. Nikanyamaza, nikawa mnyonge, nikagundua kwamba unyonge unaleta chakula. Uji, makande, hata kipande cha nyama. Nilinenepa.

Jumatatu mama jirani akaingia kwangu bila kubisha, akasimama katikati ya chumba na mikono kiunoni.

"Wewe kijana, mtu kama wewe anatakiwa kuongeleshwa na mkubwa wa upande wa mama yake. Nimeshamtumia mjomba wako ujumbe. Anakuja kesho."

"Mjomba?" nikasema. "Mama, mjomba ana... ana kazi nyingi."

"Hana kazi yoyote. Chemsha chai."

Kesho yake wakaja: mjomba, mama jirani, na wazee wawili wa jumuiya yetu ya kanisa. Mimi nikakalishwa kwenye kigoda chini, kama mwali. Mjomba akapewa kiti changu chenye mgongo. Macho yake yalikuwa madogo, anajikuna pua, kidevu kinashuka taratibu halafu kinaruka juu. Akakohoa.

"Mpwa wangu," akaanza, "vidonge ni..." Tukasubiri. Kuku akaingia, akatuangalia, akatoka. "Vidonge ni kitu kibaya," akamaliza, na jasho likamtoka.

"Mwambie, mzee," mama jirani akasema. "Mwambie bado tunamhitaji."

"Bado tunakuhitaji," mjomba akaniambia.

"Mwambie hakuna anayemcheka."

"Hakuna anayekucheka."

"Mwambie na kaburi hatuchimbi, udongo ni mgumu msimu huu, na vijana wa kuchimba wote wameenda Mirerani."

Wazee wawili wakaitikia, "Ndiyo, ndiyo," kama kwenye baraka. Nilishangaa kwamba mama yule alikuwa ananisema mimi huku amemkazia macho mjomba, lakini nikadhani ni heshima ya kumwachia mkubwa nafasi. Mimi ni mwepesi wa kudhani.

Mjomba akaniuliza, chini chini, "Na huyo daktari wako amesemaje?"

Nikamwambia. Niende Alhamisi. Niende na ndugu mtu mzima, maana siku ya kwanza mtu huwa hachukui peke yake dawa ya namna ile. Na tangu Jumatano mchana nisiguse kidonge hata kimoja. Inatakiwa nifike nikiwa na arosto, ndiyo hiyo hali ya mwili kudai dawa, kwa sababu dawa yake ukiianza na ile ya zamani bado imo mwilini unaumwa maradufu.

"Na akishakupa?"

"Anasema mwili unatulia. Unalala ukiwa mtu, unaamka ukiwa mtu."

Mjomba akaangalia chai yake.

"Nitakupeleka mimi," akasema. Halafu akaongeza, haraka, kama amekanyaga moto, "Na kufunga peke yako ni kazi. Mimi nina vidonge vyangu vya mgongo, si vya kama wewe, ni vya mgongo. Lakini tutafunga wote. Kukutia moyo."

Nilitaka kuruka juu ya meza. Nikainamisha kichwa kama mtu aliyeadibishwa, nikasema, "Asante, mjomba," na huku chini nabana vidole vya miguu kwa furaha.

*

Jumatano mchana alivuka bonde akiwa na fimbo na mfuko. Akatoa karatasi nzima ya vidonge, akatafuta pa kuiweka, akamwona mama jirani juu ya tuta lake.

"Nishikie hizi, mama. Nisije nikamtamanisha kijana."

Mama akazifunga kwenye pindo la khanga mafundo mawili, bila kuuliza, akarudi kupalilia.

Alfajiri tulipotoka mjomba alikuwa ameshalowa jasho na anapiga chafya. Mimi nilikuwa nimelala usingizi mzito. Tatizo lilikuwa ni hilo: teja rasmi wa msafara huu alikuwa na afya ya fahali. Tukiwa tumekaa kwenye gari tunashuka mlima kuelekea Dareda, nikaona ni lazima nionyeshe juhudi. Nikaanza kutetemeka. Nilitetemeka vizuri, mabega, meno, kila kitu.

Mjomba akanitazama kwa muda, kamasi zikimtoka.

"Mpwa wangu, arosto haitetemeki hivyo. Hiyo ni malaria."

"Sasa inakuwaje, mjomba?"

"Unapiga miayo. Miayo mikubwa, mpaka machozi. Na magoti. Shika magoti."

Nikapiga miayo, nikashika magoti.

"Usiyakumbatie kama unaoa. Yasugue."

Nikayasugua. Akatikisa kichwa kama fundi anayemtazama mwanafunzi asiyejua kushika nyundo, kisha akainamia magoti yake mwenyewe na kuyasugua, na tukasafiri hivyo, mwalimu na mwanafunzi. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenzake amejuaje. Dareda gari liliposimama nilishuka nikanunua maandazi manne, nikayala nyuma ya gari nikiwa nimegeuza uso. Niliporudi akanifuta makombo kwenye kidevu kwa leso yake.

Kuanzia hapo sikuwa na mzaha tena. Tulipopita Nangwa mlima Hanang ulikuwa umejitokeza wote, na mjomba hakuinua hata macho kuutazama. Alikuwa amekunja mikono tumboni. Mara moja akaniambia, "Turudi." Nikamwambia, "Mjomba, mimi ninaumwa, nisaidie nifike." Akafumba macho. "Haya," akasema. "Kwa ajili yako."

*

Daktari alikuwa na chumba kimoja, meza moja, viti vitatu na dirisha linalotazama shamba la alizeti. Alikuwa binti, nywele kasuka, raba miguuni. Nilipomwona moyo ulinishuka: mjomba hatamfungulia moyo mtoto wa umri ule. Lakini kabla hajakaa wala kushika faili alimsogelea mjomba, akainama kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," mjomba akasema, na bega lake moja likalegea.

Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndiye tuliyeongea naye. Sauti yako naijua, masikio yalinipiga kengele siku nzima." Akanimulika tochi machoni. Akashika mkono, akahesabu mapigo. "Umetumia mara ya mwisho lini?"

"Jana mchana."

"Tumbo?"

"Limeshiba," nikasema. Nikajirekebisha: "Linakata."

"Umekula nini?"

"Maandazi."

"Mangapi?"

"Manne."

Akaandika. Akanipa kikopo, nikaenda chooni, nikarudi nacho. Akachovya kipimo, akakaa nacho, akakitazama, akanitazama.

"Kaka, mkojo wako hauna kitu."

"Labda nimekojoa vibaya."

Akauma mdomo. Naapa alikuwa anajizuia kucheka. Halafu macho yake yakaenda kwa msindikizaji, aliyekuwa kwenye kona anapiga miayo mpaka machozi, anasugua magoti kwa namna sahihi kabisa. Alimtazama kwa utulivu, bila kunyooshea kidole.

Akafungua droo, akatoa pakiti ndogo ya dawa, akaiweka mezani katikati yetu.

"Dawa yenyewe ni hii," akasema. Alikuwa anaongea na mimi, lakini taratibu, kwa kusikika chumba kizima. "Kwa mwenye ugonjwa huu, inamrudisha. Kwa asiye nao ni hatari. Mwili wake haujazoea. Inaweza kumlaza, na anaweza asiamke. Kwa hiyo hapa hatupeani dawa mpaka tujue mgonjwa ni nani."

Nilimwangalia mjomba, naye akaangalia dirishani. Niliona ameamua: atainuka, atanichukua mkono, tutarudi nyumbani, vidonge viko kwenye pindo la khanga, na mwezi ujao, au ule mwingine, shangazi atamtikisa asubuhi. Nami sikuweza kusema. Hata pale, mlango umefungwa, neno lilipanda likachungulia likarudi. Basi nikafanya kitu cha kijinga kuliko vyote. Nikavuta kiti karibu na meza, nikasema, "Ninaiweka wapi, daktari? Chini ya ulimi?" nikafumba macho nikafungua kinywa.

"Funga!" mjomba akafoka.

Nikafunga.

Alikuwa amesimama, fimbo imeanguka. "Daktari, mwanangu, usimpe huyu. Huyu hana kitu. Huyu hata dawa ya minyoo tulikuwa tunamshika watu watatu." Akapumua. Sauti yake ya baraka ilikuwa imerudi, imepasuka katikati, lakini ni ile ile. "Huyu ni mpumbavu tu. Mgonjwa ni mimi."

Maneno yangu yale yale ya juu ya jiwe. Ila yeye aliyasema vizuri zaidi.

Daktari hakushangaa wala hakufurahi kupita kiasi. Alimvutia kiti, akakaa chini kidogo kumzidi, akasema, "Asante, baba. Tuanze basi." Kisha akanionyesha tena pakiti ile: "Na wewe, nisingekupa hata ungefungua kinywa mpaka jioni. Nenda nje."

Nilikaa nje chini ya dirisha nikasikia wakizungumza. Sikusikia maneno, nilisikia sauti tu, yake fupi, ya mjomba ndefu, ikirefuka. Alizeti zote zilikuwa zimegeuka upande mmoja. Nilijikuta nacheka peke yangu, mtu akapita akaniambia pole.

Baada ya saa moja na kitu mlango ukafunguliwa. Mjomba akatoka akiwa mkavu. Jasho limekauka, pua imekauka. Akasimama akautazama mlima Hanang kuanzia chini hadi juu kama amewekewa pale asubuhi hiyo.

"Nina njaa," akasema. "Yale maandazi uliyanunulia wapi?"

*

Kwenye faili daktari alifuta jina langu akaandika lake. Lakini faili lilikuwa Katesh, na Tlawi bado teja alikuwa mimi. Mjomba aliniomba, "Iwe hivyo kwanza," nami nikasema iwe, uji ulikuwa bado unakuja. Tukawa tunakwenda wote Alhamisi baada ya Alhamisi, yeye ananipeleka mimi. Zilikuwepo wiki mbaya. Kuna moja alitaka kwenda mnadani, nikakaa naye kwenye zizi lake siku nzima tukihesabu mbu. Lakini macho yalifunguka, akaanza kunisema kuhusu kila kitu, nikajua anapona.

Ndipo watu wakaanza kuja. Huja kuulizia mbegu ya kitunguu, wanazunguka, wanaulizia ng'ombe, halafu mlangoni, wakiwa wanaondoka: "Nasikia wewe ulisaidiwa." Dereva wa lori kutoka Tumati. Mwalimu aliyefanyiwa upasuaji. Fundi cherehani wa Dongobesh. Nao nawapandia jiwe. Na kwa kuwa bonde zima linasikia, na wao nao wana wajomba na wapwa, nikapata utaratibu: kila mgonjwa ni mimi. "Daktari, ni mimi, sasa hivi ni dereva." "Daktari, ni mimi, nina kovu la upasuaji." Naye anacheka upande wa pili anauliza, "Wewe ni wa ngapi wiki hii?" halafu anapanga Alhamisi. Siku ya fundi cherehani kulikuwa na jambo ambalo daktari lazima ajue kabla, kwa usalama wake. Basi nikasimama juu ya jiwe, kidevu juu, nikatangazia milima yote ya Mbulu kwamba nina ujauzito wa miezi minne.

Nilipogeuka, jembe la mama jirani lilikuwa limesimama.

"Hongera," akasema, akaendelea kupalilia.

Mwaka ulipokaribia kwisha, mtoto wa yule mjukuu alizaliwa, na shangazi alipoulizwa nani atabariki, akasema kwa ufupi, "Mwenyewe yupo." Mjomba akasimama na kibuyu. Akaomba mvua. Akaomba ng'ombe. Alipofika kwenye watoto tukashika pumzi wote, mimi nikiwa nimesogea karibu kudaka kibuyu. Akawaomba watoto mmoja mmoja. Akaomba na wa majirani. Akaomba nyuki, mitama, barabara ipitike, walio Arusha warudi, walio nyumbani nao watoke kidogo, hapo akanitazama. Tuliitikia mpaka sauti zikakauka, na mtoto mwenyewe akalala. Mzee hakusinzia hata kope.

Nilikaa kando na mama jirani, tumbo limejaa, moyo umejaa. Nikajisikia vizuri mno, na mtu akijisikia vizuri mno hupenda kusifiwa. Nikamwambia, kwa sauti ya shahidi wa imani, kwamba siku moja nitamweleza siri kubwa, jinsi nilivyobeba aibu isiyo yangu na kijiji kizima hakikujua.

Akafungua pindo la khanga, akakung'uta unga wa ugoro, akalifunga tena. Vidonge vile, nilikuja kujua, alivitupa chooni siku ileile alipokabidhiwa.

"Siri gani, wewe? Teja gani ana tumbo hilo? Tulijua ni mjomba wako tangu siku ya jiwe; tulikuja kukuhubiria wewe kwa sababu yeye hatuwezi kumhubiria, na wewe hukuwa na kazi nyingine."